Nimeyeyusha vyambo vya plastiki jikoni, moshi ukatutoa machozi. Nimekosea wapi?

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Kilifi, sasa naishi Lowell, Massachusetts, ghorofa ya tatu, pamoja na mke wangu, watoto wawili na kasuku mmoja. Kila nikipata siku ya mapumziko huteremka Newburyport kuvua straipa, yule samaki wa bahari mwenye mistari ubavuni, kwenye mlango wa mto Merrimack. Vyambo laini vya plastiki vinanimaliza pesa. Julai iliyopita samaki wakali waitwao blufishi walinikatia mikia tisa ya vyambo jioni moja tu. Nikaona video za watu wanaojitengenezea wenyewe. Basi nikakusanya mabaki yangu yote ya kila kampuni, nikayakatakata, nikayatia kwenye kikombe cha kioo na kuwasha maikrowevu ya jikoni dakika nne mfululizo. Vipande vingine vilikataa kabisa kuyeyuka, vingine vikawa vinaruka kwa vishindo, kisha ukatoka moshi mweupe uliotuwasha macho na koo. Nilichomimina kilitoka rangi ya chai ya maziwa, kimejaa vipovu, kigumu, mkia hauchezi. Straipa hawakugeuka hata kukitazama. Je, plastiki sahihi ni ipi? Rafiki yangu anasema ndala za zamani zinafaa, mwingine anasema silikoni ya madirisha. Chumvi na mafuta ya samaki vina kazi gani humo ndani? Na ule moshi, una madhara kwa watoto?"

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, nami nitaanza na lile uliloliweka mwisho kabisa. Wewe unahangaika na mkia usiocheza. Mimi nawafikiria hao watoto wawili waliokuwa chumba cha pili.

Moshi mweupe unaowasha macho na koo, ukitoka kwenye plastiki ya aina hii, karibu kila mara una gesi ya haidrojeni kloridi. Ikikutana na unyevu wa machoni, puani na kifuani hugeuka asidi ya haidrokloriki, ileile iliyokuwa ikifungiwa kabatini kwenye maabara za shule zetu. Mtu mzima mwenye afya akiivuta kidogo mara moja, akafungua madirisha na kutoka nje, kwa kawaida huwashwa kisha ikapita. Mwenye pumu ni habari nyingine, na mtoto pia. Hiyo gesi inaweza kuumiza mapafu halafu dalili zikachelewa saa kadhaa. Kwa hiyo siku kama ile, anayebaki na kikohozi kisichokoma, kubanwa kifua au kuhema kwa shida apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Anayeshindwa kupumua ni 911, simu ya dharura. Kwa wasiwasi mdogo kuliko huo, kuna simu ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, bure, usiku na mchana.

Kasuku naye usimsahau. Ndege huvuta hewa kwa namna tofauti na sisi, na moshi ambao kwako ni kero tu unaweza kumwangusha kwenye kijiti chake. Kama bado anapiga kelele, mmebahatika.

Na ile maikrowevu usiipashie tena chakula. Mvuke wa plastiki huganda kwenye kuta zake kama mafuta membamba usiyoyaona, na asidi hula vyuma vyake vya ndani. Umeshapata maikrowevu ya kazi. Nunua nyingine ya jikoni. Najua hilo mke wako hatalipenda.

Sasa tuje kwenye plastiki yenyewe, maana ukiielewa, maswali yako mengine karibu yote yatajijibu.

Vyambo laini vingi vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa kitu kinachoitwa plastisoli. Ni chembe ndogo sana za PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, zikielea ndani ya kilainishi cha majimaji. Ikiwa baridi inafanana na maziwa mazito, na ukiiacha chupani wiki kadhaa chembe hutuama chini zikagandamana, ndiyo maana chupa lazima itikiswe sana kabla ya kutumiwa. Ukiipasha moto, chembe huanza kunywa kile kilainishi na kuvimba. Umeshaona halua ikipikwa? Wanga ukikutana na moto huvimba, sufuria ikawa nzito mwiko unasimama, kisha fundi anaendelea kukoroga mpaka ule weupe unaondoka na halua inang'aa. Plastisoli hupita njia hiyo hiyo, ila ina hatua moja zaidi. Kwanza ni maziwa, halafu inakuwa uji mzito wenye mabonge, na hapo wanaoanza hukata tamaa wakidhani wameiharibu. Ukiendelea kupasha na kukoroga, mabonge hulainika, yote ikawa maji maji yanayopitisha mwanga kama asali. Hapo chembe zimeungana na kilainishi kuwa kitu kimoja. Ikipoa inashikana, na hicho ndicho chambo chako.

Kuiva huko kunataka nyuzi 330 hadi 350 za Fahrenheit, yaani kama 165 hadi 177 za Selsiasi. Ukimimina chini ya hapo, chambo kitaonekana kimekamilika lakini kitakatika ukikivuta, kwa sababu chembe hazijaungana. Ukizidisha, tuseme ukapita nyuzi 375 za Fahrenheit na kuiacha hapo, unaingia eneo la moshi.

Wengi hudhani plastiki hutoa moshi kwa sababu "imeungua" kama kuni. Sivyo. PVC ina klorini ndani yake, na joto likizidi, klorini na haidrojeni huchomoka pamoja kama ile gesi niliyoitaja. Kila panapochomoka, mnyororo wa plastiki hubaki na pengo linalobadili rangi yake. Mapengo yakiwa machache inakuwa manjano. Yakiongezeka inakuwa rangi ya chai, kisha ya kahawa. Na ubaya wake ni kwamba gesi iliyotoka huharakisha kutoka kwa nyingine, hivyo shughuli ikianza hujiendesha yenyewe haraka kuliko mkono wako unavyofika kwenye kitufe. Watengenezaji hutia dawa ya kuinasa asidi hiyo, lakini dawa hupungua kila plastiki inapopashwa. Mabaki yako yalishayeyushwa mara moja kiwandani na kukaa kwenye jua la boti kiangazi kizima. Uliyapasha upya wakati kinga yake imeshapungua, tena kwa dakika nne bila kukoroga.

Maikrowevu haipashi sawasawa. Katikati ya kikombe panaweza kuwa pamefika nyuzi 400 za Fahrenheit wakati pembeni bado ni uji. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga hupima uso wa juu tu, kwa hiyo kinadanganya mpaka ukoroge kwanza. Wanaojua huanza na dakika moja au mbili kutegemea kiasi, wanakoroga, halafu wanaendelea kwa sekunde 20 au 30 kila mara, huku wakikoroga polepole ili wasiingize hewa.

Ule mruko na vishindo ulikuwa maji. Vyambo vilivyotumika hubaki na unyevu, hasa vile vyenye chumvi ndani, na maji kwa nyuzi 100 za Selsiasi hayangoji ruhusa: hugeuka mvuke ghafla na kurusha plastiki ya moto nje. Vipovu ulivyoviona ni mabaki ya vishindo hivyo. Nina alama ya mruko kama huo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kutoka mwaka wangu wa kwanza, tone moja tu la maji lililobaki kwenye kalibu niliyoioshea sinki. Plastiki ya moto inanata kwenye ngozi na kuendelea kupika. Ikikupata, weka mkono chini ya bomba la maji ya kawaida dakika 20, usiibandue kwa nguvu, usipake siagi wala dawa ya meno, na kama ni usoni, kiganjani au kubwa kuliko sarafu, nenda ukaonwe na daktari.

Vipande vilivyokataa kuyeyuka navyo vina maelezo. Siku hizi kuna kampuni zinazotengeneza vyambo kwa plastiki ya jamii nyingine kabisa, ile inayovutika kama ubavu wa puto na inayopenda kuelea. Hiyo haina PVC na haiungani na plastisoli. Hata kuziweka pamoja kwenye boksi moja ni kosa: utafungua msimu ujao ukute uji wa rangi mchanganyiko umenata chini. Ukitaka kuzitofautisha, vuta. Ya plastisoli hukatika mapema. Ile nyingine inaendelea kurefuka mpaka mkono uchoke.

Kuhusu ndala, mwambie rafiki yako hapana, na umwambie kwa sauti. Ndala nyingi ni povu la plastiki nyingine ambalo halitakuwa chambo hata ulipike mpaka Idi. Zile za PVC zimetiwa vijazio na rangi usizozijua, na za zamani zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu ndani. Ukizipasha unapata moshi uleule, na sumu juu yake.

Wa silikoni ana hoja, ingawa ameielekeza pabaya. Silikoni ya madirisha haiyeyuki kwa moto. Hukauka mara moja na basi. Unaweza kutengeneza chambo nayo, mimi nilijaribu, lakini ikipata mkwaruzo mdogo wa jino hupasuka moja kwa moja, na haipokei rangi. Mahali pake panapofaa ni kalibu. Ichanganye na wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini, mpaka iwe kama donge la chapati, ukandamize chambo kizuri cha dukani ndani yake, uache ikauke karibu na dirisha lililofunguliwa maana inatoa harufu ya siki kali. Siku inayofuata una kalibu inayokunjika, isiyonyonya maji, inayostahimili joto la plastisoli. Kwa mtu anayeanza ni afadhali kuliko jasi.

Jasi ni rahisi na inachukua umbo hadi magamba ya samaki, lakini imejengwa kwa maji, na maji hayo hayatoki kwa kuitazama tu. Mimi huipima kwenye mizani ya jikoni: naiweka kwenye oveni ya moto mdogo, naipima kila baada ya saa moja, na inapokoma kupungua uzito ndipo najua imekauka. Halafu naipaka gundi ya epoksi iliyozimuliwa ili vitundu vyake vizibe, nangoja, napaka tena. Anayeruka hatua hiyo atapata chambo chenye vipele kama tetekuwanga.

Sasa mkia. Chambo laini humdanganya straipa kwa mambo mawili: umbo linalofanana na anachokula, na mtikisiko majini. Samaki huyu ana mstari wa hisia ubavuni unaosoma mtikisiko huo hata usiku na kwenye maji ya tope, na Merrimack ina vyote viwili. Mkia mgumu hautoi habari yoyote. Wako ulikuwa mgumu kwa sababu tatu kwa pamoja: ulichanganya mabaki ya ugumu tofauti, sehemu ya kilainishi iliondoka na moshi, na bila shaka mabaki mengine yalikuwa na chumvi nyingi. Ukinunua plastisoli mpya, maduka huuza ya kati, laini na ngumu, pamoja na chupa ndogo ya kilainishi ya kuongezea. Anza na laini au ya kati, ongeza kilainishi kidogo kidogo, mimina kimoja, kipoe, kishike kichwani na kukiacha kining'inie. Cha inchi 9 kinatakiwa kiiname kama mlenda. Kikisimama kama penseli, rudi sufuriani.

Lakini usimlaumu mkia peke yake. Rangi ya chai uliyoidharau si mbaya hata kidogo. Mikunga wa mto ule wana rangi hiyohiyo, na straipa wakubwa wanawapenda. Ninachotilia shaka ni unyoofu wa mwili. Chambo kikipoa kikiwa kimepinda hubaki kimepinda, na majini huzunguka kama parafujo, kikausokota mshipi. Samaki hapendi kinachozunguka hivyo. Dawa yake ndogo: kitumbukize kwenye maji ya moto yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika, kilaze kwenye ubao ulionyooka, kisha kimwagie maji baridi. Ukishakitoa kwenye kalibu, kilaze bapa palepale na usikitundike.

Pia chagua umbo kwa kutazama wanachokula siku hiyo. Mei, straipa wanapoingia kutoka kusini, mto unapandwa na heringi wanaokwenda kutaga, na chambo kipana, cheupe mgongo wa kijani, kina maana. Kwenye tambarare za Joppa, karibu na mlango wa mto, na ufuoni Plum Island kuna vile visamaki vyembamba kama kalamu vinavyojichimbia mchangani. Siku vikiwapo, chambo cha inchi 9 ni kitu cha kuchekwa, unataka cha inchi 4 au 5 chembamba, cha rangi ya zeituni. Chambo chembamba kilichonyooka ndicho rahisi kuliko vyote kumimina kwa mkono kwenye kalibu ya upande mmoja. Chenye mkia wa kasia kinahitaji kalibu ya pande mbili na bomba la kusukumia, na si kazi ya mwezi wa kwanza.

Chumvi ina kazi mbili: inaongeza uzito ili chambo kizame, na pengine samaki hukishika sekunde moja zaidi. Inapunguza nguvu na wepesi wa mkia. Mlango wa Merrimack una mkondo wa kufa mtu maji yakipwa, kwa hiyo wewe unatumia ndoana yenye kichwa kizito cha risasi hata hivyo. Sioni sababu ya kutia chumvi. Ukitaka, iwe imesagwa laini na kukaushwa kabisa. Mafuta ya samaki usiyatie kwenye plastiki ya moto, yatatoa moshi wake, na manukato yenye maji yatakurukia. Yapake nje baada ya kupoa, kidogo, ndani ya mfuko. Ukifika hatua ya kuongeza kipande cha nyama au mnyoo halisi kwenye chambo, soma kwanza kanuni, kwa sababu tangu 2021 majimbo ya pwani ya Atlantiki yanadai ndoana ya duara kwa straipa anayevuliwa kwa chambo cha asili. Na anayebebwa nyumbani ni mmoja kwa siku, wa kati ya inchi 28 na 31. Kipimo hicho kiliwekwa kwa dharura 2023 ili kuwanusuru samaki wakubwa waliozaliwa 2015. Hivyo vipimo hubadilishwa, basi tazama tangazo la idara ya uvuvi wa bahari ya Massachusetts kila mwanzo wa msimu.

Je, inakulipa? Nitakuwa mkweli. Chambo cha inchi 9 kwenye mizani yangu kina gramu 28 hivi. Galoni moja ya plastisoli ni kama kilo 4, kwa hiyo ukitoa kinachomwagika na kinachoungua unapata vyambo 120 au 130. Kwa hesabu hiyo ni rahisi mno kuliko dukani. Lakini juu yake kuna maikrowevu ya pekee, vikombe vya kioo vya kustahimili moto, kipimajoto, glavu za ngozi, miwani ya kufunika macho, rangi, kalibu, na barakoa yenye makopo ya kuchuja gesi za asidi na mvuke wa kemikali. Ile nyeupe ya karatasi ya enzi za korona huzuia vumbi, gesi inapita kama haipo. Mwaka wa kwanza hutaokoa hata senti. Wa pili labda. Na usije ukafikiria kuwauzia wenzako kimyakimya: Marekani ina ushuru wa shirikisho wa asilimia 10 kwenye vifaa vya uvuvi, vyambo vikiwemo, na mtengenezaji ndiye anayeulipa.

Utaniambia, mbona Nick Creme alianzia jikoni? Ni kweli. Mwaka 1949 huko Akron, Ohio, yeye na mkewe Cosma walipika mnyoo wa plastiki kwenye jiko lao, na biashara yote hii imetoka hapo. Lakini walikuwa na nyumba yao, na enzi zile hakuna aliyekuwa akipima kinachovutwa puani. Wewe una ghorofa ya tatu, nyumba ya mbao kama nyingi za Lowell, na majirani nyuma ya ukuta mwembamba. Jikoni kwako, hapana. Kwenye roshani pia hapana. Upepo hurudisha moshi ndani, na plastiki ya moto ikimwagika inateremka kwa watu wa chini. Kazi hii inataka gereji yenye mlango wazi na feni inayotoa hewa nje, mahali pasipo na mtoto. Vilainishi vya zamani vya plastisoli ni vya jamii ya fthalati, ambayo baadhi yake Marekani iliipiga marufuku kwenye vitu vya kuchezea watoto kwa sheria ya 2008. Tafuta plastisoli iliyoandikwa haina fthalati, na hata hiyo usimwachie mtoto aitie mdomoni kwa sababu ina rangi nzuri.

Kuyeyusha risasi kwa ajili ya vichwa vya ndoana sikuongelei kabisa. Kwenye nyumba yenye watoto, nunua.

Kama huna gereji, kuna njia tatu zisizohitaji moshi, na kwa kweli ndizo ningeanza nazo. Ya kwanza ni kuunganisha. Chambo kilichopasuka kichwani, gusisha ncha mbili kwenye chuma cha kulehemu nyaya kwa sekunde moja au mbili, zikilainika zibane, hesabu mpaka ishirini. Fanya nje, pumzi mbali. Chambo kimoja nakirudisha kazini mara nne au tano hivyo. Kilichokatwa mkia kabisa, kikate sawasawa kiwe kifupi. Kinageuka kisamaki kidogo.

Ya pili: blufishi wakiingia, weka kando vyambo laini. Wana meno kama mkasi, na mtu anayewapelekea plastiki anawalisha pesa. Ukikatwa mkia wa pili, funga kijiko cha chuma au chambo kigumu mpaka waondoke. Mikia yako tisa ingekuwa miwili.

Ya tatu ni manyoya. Mjomba wangu Tanga alivuta nguru na kolekole kwa manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa kwa uzi kwenye shingo ya ndoana, na Wamarekani hufanya vilevile kwa nywele za mkia wa paa. Straipa anaichukua bila swali, blufishi hawaimalizi kwa dakika moja, na unaifunga mezani huku watoto wanafanya kazi ya shule.

Mabaki usiyatupe mtoni. Mwaka 2009 watafiti wa Maine waliwapa trauti wa maabara vyambo laini. Samaki waliviokota na kuvila kwa hiari yao, na wakapungua uzito. Nimempasua straipa mmoja pale Salisbury nikakuta kichwa cha chambo tumboni kimevimba na kuwa kigumu kama kifutio. Weka mfuko mfukoni, rudi nayo nyumbani.

Ukiwa bado unataka kumimina, usijifunze kwa video nyingine. Desemba hadi Machi straipa wako mbali kusini, na wavuvi wa kaskazini hukaa gereji wakimimina. Ingia duka lolote la vifaa vya uvuvi Newburyport au Salisbury siku ya kazi, siku hawana wateja, uulize nani anamimina karibu. Karibu kila mara kuna mzee anayefurahi kupata wa kumshikia kikombe. Mpelekee halua, simama naye alasiri moja, uone kwa macho yako pale weupe unapoondoka, kwa sababu ile dakika hakuna maandishi yanayoweza kukuonyesha. Samaki wanarudi Merrimack katikati ya Mei. Ukianza kukausha kalibu mapema Machi, muda unao.